Je, Kuvaa Miwani ni Kukosa Imani?

Swali hili limezunguka katika ushirika wa nyumbani, vijana wamenitumia kwa simu mara tatu, kwa hivyo wacha nilijibu kwa maandishi.

Mmoja wa vijana wetu haoni mbali. Mchana kutwa yuko kwa kompyuta, usiku yuko kwa simu. Ikifika jioni macho yanawasha, kichwa kinagonga, na akiinua uso kutazama barabarani watu ni ukungu mtupu. Alienda mkutano wa maombi wa siku tatu, si wa kanisa letu, simu zikiwa zimezimwa. Siku ya mwisho akaambiwa avue miwani na ashuhudie kwamba amepona. Akavua, akashuhudia. Jumatatu akapanda pikipiki kwenda kazini bila miwani, na ile barabara ya Turbo mnaijua, matrela ya Malaba hayana huruma. Sasa wenzake wanauliza: hiyo ilikuwa imani au ilikuwa nini?

Mimi mwenyewe ni mtu wa miwani tangu kidato cha pili, na mkate wangu unatoka kwa kompyuta, kwa hivyo jambo hili silitazami kwa mbali. (Kwa mbali nisingeliona hata hivyo.)

Nadhani tunachanganya shida mbili. Kutoona mbali ni umbo la jicho. Jicho limerefuka kidogo, mwanga unakutana kabla haujafika pazia la nyuma, na kitu cha mbali kinapoteza kingo zake. Umbo hilo halibadiliki kwa kulala. Uchovu wa skrini ni kitu kingine. Ndani ya jicho kuna msuli mdogo unaojikaza kila tunapotazama karibu. Ukiukaza saa tatu mfululizo, hauachilii mara moja, ndiyo maana hata mwenye macho mazuri akiinua uso anaona kiwi kwa muda. Tena, mbele ya skrini tunasahau kupepesa. Mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea simu hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na jicho linakauka. Kwetu sisi tusioona mbali mzigo unazidi. Bila miwani tunaisogeza simu hadi karibu na pua, na macho yote mawili yanalazimika kugeuka ndani. Na miwani ikiwa ya kuazima au ya kuokota sokoni bila kupimwa, macho yanahangaika bure.

Sasa mtazame yule kijana. Siku tatu bila simu, usingizi, macho yakitazama jukwaa la mbali. Msuli ulilegea, ukavu ukaisha, kichwa kikaacha kugonga. Nafuu aliyoipata ilikuwa ya kweli, na alifanya vizuri kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ilikuwa nafuu ya shida moja kati ya mbili. Umbo la jicho lilikuwa palepale, na yeye alilijua hilo siku ileile, kwa sababu alinieleza kwamba aliyemshikia kipaza sauti hakumwona uso vizuri.

Hapo ndipo swali la imani linapokaa, na ninapata msaada katika Marko sura ya 8. Kule Bethsaida Yesu alimgusa kipofu, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Ebu fikirini: Bwana mwenyewe aliuliza. Yule mtu hakujibu kwa kumpendeza aliyemwombea. Alisema watu anawaona, lakini wanafanana na miti, ila wanatembea. Kwa maneno mengine, Bwana, bado. Hakukemewa kwa kukosa imani. Aliguswa mara ya pili, akaona kila kitu sawasawa. Mimi huwaza, kama angesema nimepona kabisa, angerudi nyumbani akisalimia miti.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kijana kuombewa, sawa. Kuvua miwani ajaribu kama anaona, pia sawa, hakuna ubaya katika kujaribu. Kusema anaona wakati haoni, hapana. Na kuendesha pikipiki hivyo ni zaidi ya jambo lake na Mungu wake, kwa sababu abiria aliyepanda nyuma, na mama anayevusha watoto Turbo, hawakukubali kujaribiwa naye. Aliniuliza kama ni lazima asimame tena kanisani. Nilimwambia nafasi ya ushuhuda ipo kila Jumapili, na asimame aseme anachoona. Ameshapimwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, lenzi mpya anazo. Kwa kompyuta anafuata desturi ya ishirini: kila dakika 20 anatazama kitu kilicho futi 20 mbele kwa sekunde 20, na anapepesa. Yeye hutazama mparachichi wa jirani.

Linalonisumbua zaidi ni wale ambao hata kushuhudia hawawezi. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Anadhani ubao uko hivyo kwa kila mtu, maana hajawahi kuona kwa macho mengine. Hawezi kulalamika juu ya kitu asichojua kuwa kipo. Tunamwita mzembe, anafinya macho, anasogea mbele ya televisheni, tunamfukuza arudi nyuma.

Majirani zetu wa Trans Nzoia walilifanyia kazi jambo hili. Katika utafiti ulioongozwa na daktari wa macho Hillary Rono, matokeo yakatolewa 2018, shule 50 zilipimwa, wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule walimu walipima kwa kadi ya kawaida. Katika nusu nyingine walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek, na mtoto aliyepatikana na shida alibeba nyumbani picha inayoonyesha jinsi yeye anavyoona. Kisha mzazi akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Walikopimwa kwa kadi, watoto 22 kati ya kila 100 waliotumwa hospitali ndio waliofika. Kwa Peek walifika 54. Ile simu tunayoilaumu jioni ndiyo iliyomwazima mzazi macho ya mtoto wake.

Lakini 46 hawakufika. Siwahukumu wazazi wao, nauli tunaijua na msimu wa mahindi tunaujua. Ila mtoto hana nauli yake, na hana hata maneno ya kuomba.

Kwa watoto wanaokua, kukaa sana karibu na skrini na kidogo sana nje kunaandamana na macho kuzidi kurefuka. Mwanga wa mchana, kama saa mbili kwa siku, unawasaidia kujikinga. Hapa Chepsaita, kijiji cha mbio za nyika, hilo halihitaji pesa, wakimbie tu.

Walimu wa shule ya Jumapili wameandaa kadi ya herufi E inayogeuzwa huku na huku, mtoto anaonyesha kwa kidole imeelekea wapi, hata asiyejua kusoma. Tutaanza Jumapili ijayo saa mbili kasorobo, kabla ya ibada ya kwanza. Wazazi, kaeni kando na msimnong'oneze jibu.