Gia Ikigoma Kutoka P, Tazama Taa za Nyuma

Mwalimu mmoja wa upande wa Litein aligongwa kwa nyuma karibu na Kaplong, akiwa na mkewe, watoto na mama yake mzee garini. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu kosa lake ni la kawaida na lingeweza kunipata mimi au wewe. Wote walitoka hai. Mama mzee ndiye aliyeumia zaidi, akavaa kola ya shingoni kwa muda mrefu. Nyuma ya gari ilibondwa hadi kiti cha watoto kikasukumwa mbele. Na yote hayo yalianzia kwenye kifaa kinachotosha kiganjani: swichi ya taa za breki.

Gari lenyewe ni Toyota ya gia otomatiki, kama mengi yaliyojaa barabara zetu. Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini mradi hayajapita miaka 8 tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo gari tunaloliita jipya mara nyingi huja na mpira, plastiki na swichi zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi. Mwalimu alilitunza. Oili alibadilisha kwa wakati, magurudumu alikagua, na kila Jumapili lilifika kanisani likiwa safi. Hakuwa mzembe. Hilo ndilo linalonitia hofu ninapokifikiria kisa chake.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye gia. Asubuhi moja watoto wameshaketi na sare zao, injini imewaka, mguu uko kwenye breki, lakini gia haitoki P, yaani nafasi ya kuegesha. Akakanyaga tena na tena, ikatoka. Siku chache baadaye ikagoma tena. Jirani yake, dereva wa Probox, akamwonyesha ujanja: kando ya gia kuna kitundu chenye kitufe, choma ufunguo hapo, bonyeza, gia itatoka. Ujanja ulifanya kazi. Tangu siku hiyo kalamu ikawa inakaa kando ya gia, na hata watoto walijua kazi yake.

Tuelewane kuhusu kitufe hicho. Watengenezaji wamekiweka kwa dharura, ili gari lililokwama liweze kusukumwa au kufikishwa gereji. Katika magari haya, gia hufungwa kwenye P hadi gari lipate habari kwamba dereva amekanyaga breki. Anayepeleka habari hiyo ni swichi ndogo iliyo juu ya pedali, na ni hiyo hiyo inayowasha taa za nyuma. Mguu ukiwa kwenye breki na gia ikagoma, mara nyingi maana yake ni kwamba habari haifiki. Na kama haifiki kwenye gia, huenda haifiki kwenye taa pia. Tofauti ni moja tu: gia dereva anaiona, taa za nyuma hazioni.

Dalili ya pili ilikuwa honi. Matatu zilimkaribia mno kwenye matuta, zikafunga breki kwa kishindo na kumpigia honi kwa hasira. Mwalimu akasema moyoni, hizo ndizo tabia za matatu. Ni nani kati yetu asingesema hivyo?

Dalili ya tatu aliambiwa waziwazi. Kijana wa bodaboda alimfuata hadi kwenye kituo cha mafuta akamwambia, "Mwalimu, taa zako za breki haziwaki." Akashukuru, akapita kwa fundi, akabadilishiwa balbu. Pedali ilipokanyagwa taa zikawaka, kwa sababu swichi inayokufa hufa kwa vipindi. Leo inashika, kesho inaachia. Wakaachana wakiwa na furaha.

Hapo ndipo ningependa tusimame kidogo. Gari hilo lina taa tatu za breki: ya kushoto, ya kulia na ile ya juu kwenye kioo. Balbu moja huungua peke yake. Balbu tatu haziungui kwa pamoja siku moja. Taa zote zikikosa kuwaka, tafuta kile zinachoshirikiana: fyuzi, swichi au waya. Fundi hakuuliza ni taa ngapi zilizozima, na mwalimu hakutaja habari ya gia, maana hakujua kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Jumamosi ya ajali ilikuwa alasiri, na mvua ya Kericho mnaijua. Mbele yake lori la majani chai lilikuwa linakata kona kuingia kituo cha kupokelea majani. Mwalimu akapunguza mwendo vizuri tu. Nyuma yake ilikuja pikapu ya maziwa, ikamgonga. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 hivi kwa kila sekunde. Dereva wa nyuma akichelewa sekunde moja na nusu kutambua kwamba wa mbele anasimama, amekwisha kupoteza zaidi ya mita 30 kabla hajagusa breki. Maneno ya dereva wa pikapu aliposhuka yalikuwa: "Sikuona taa." Naye alikuwa na kosa lake, kwani alifuata kwa karibu kwenye lami yenye maji. Lakini alinyimwa onyo alilostahili kupewa.

Sisi wa eneo hili la Kericho hatuhitaji kufundishwa uzito wa gari lililoshindwa kusimama. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha barabara pale Londiani Junction na kuwavamia wachuuzi, abiria na wanabodaboda. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Sisemi kwamba ajali ile ilihusu taa za breki. Nasema kwamba barabara zetu zina miteremko, na kila makutano yana watu waliosimama kando ya lami. Anayekuja nyuma yako anahitaji kila mita unayoweza kumpa.

Basi tufanye nini? Gia ikigoma kutoka P, usitafute kalamu. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari ukanyage breki mara kumi, kwa nguvu na kwa upole. Ukiwa peke yako usiku na gia ikakubali kutoka, rudi nyuma taratibu hadi karibu na ukuta, utaona mwanga mwekundu ukiwaka au ukikosa. Kagua fyuzi, kisha balbu, kisha swichi. Usikubali fundi aunganishe waya moja kwa moja "usaidike kwa sasa": taa zitawaka muda wote, na anayekufuata hatajua ni lini unasimama kweli.

Kuna pia kasoro ya upande wa pili. Pedali ina kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachosukuma kijiti cha swichi. Kikizeeka hupukutika. Ukiona vipande vigumu chini ya pedali, usivifagie ukasahau. Taa zitabaki zimewaka hata gari likiwa limezimwa, na asubuhi utalaumu betri.

Swichi mpya iwe ya aina ya gari lako, na ifungwe kwa kipimo. Ikisogezwa mbele mno huweza kuizuia pedali isirudi, breki zikakamata na kupata moto njiani. Ikikaa mbali mno, taa hazitazimika. Baada ya kufungwa, hakikisha mambo mawili: mguu ukiondoka taa zizime, na gia isitoke P bila mguu kuwa kwenye breki.

Wala tusidhani ni tatizo la magari ya zamani pekee. Mwaka 2013, Hyundai na Kia waliyaita magari yao zaidi ya milioni 1.6 nchini Marekani yarekebishwe swichi hii. Dalili zilizotajwa ni pamoja na taa kutowaka na gia kugoma kutoka P, zile zile za mwalimu wetu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa taa za breki, mwenye macho lazima aambiwe. Kwa hiyo ukimfuata mwenzako na taa zake haziwaki, honi haitoshi. Mwache aende mbele, mkifika kwenye kituo cha mafuta au sokoni, shuka umwambie, na umuulize: zinakosa zote tatu? Na gia yako inatoka vizuri?