Maji Nje ya Ukuta

Kuanzia Mei, joto la hapa Muscat likipita nyuzi 40, mwenda kwa miguu huishi kwa hisani ya watu asiowajua. Nje ya kuta za nyumba nyingi, na kwenye misikiti, kuna mashine ya kupoza maji yenye mabomba mawili matatu na kikombe cha bati. Ni maji ya sabili. Umeme analipa mwenye nyumba. Anakunywa yeyote apitaye.

Wanywaji wengi ni vibarua kutoka India, Bangladesh na Pakistani. Juzi nilimwona mfagia barabara akijaza kikombe, akachuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, akanywa taratibu, akajaza na chupa yake, kisha akashika ufagio. Hakugonga geti. Hakuomba. Hakuna aliyechungulia dirishani akisubiri shukrani.

Ustaarabu huu una mizizi mirefu. Vijiji vya Oman vimeishi kwa aflaji, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya milima. Takriban 3,000 bado inafanya kazi, na mitano iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji ya mashamba hugawanywa kwa zamu zinazopimwa kwa makini, na zamu hizo watu huzinunua na kuzirithi. Lakini pale mfereji unapoingia kijijini, mahali pa kwanza ni pa kunywa, na hapo hapana zamu wala bei. Kiu ya msafiri inautangulia mtende wa mwenye shamba.

Siipambi nchi ya watu. Wapo vibarua wanaocheleweshewa mishahara, na kikombe cha maji hakifuti dhuluma hiyo. Hata hivyo, nimejifunza jambo. Sisi Watanzania hatujambo kwa mgeni aliyepiga hodi: atakula, atalala, atasindikizwa. Tumempunja yule asiyepiga hodi. Machinga aliyebeba nguo begani tangu asubuhi, kijana wa mkokoteni, mama wa mboga. Wote wanapita kando ya kuta zetu ndefu za Dar es Salaam, na upande wao wa ukuta hatujaweka kitu.

Najua utasema bomba litaibwa. Huenda likaibwa, weka jingine. Ndugu yangu mwenye geti, chemsha maji, yatie kwenye ndoo yenye koki na mfuniko, weka kikombe safi, uitoe nje kabla jua halijawa kali.