Kigugumizi na Zamu ya Kusoma

Pale njia panda Mkata basi halingoji mtu. Mwenye kigugumizi akiulizwa aendako, maneno mengine aweza kuyakwepa kwa kutafuta yaliyo mepesi kinywani. Lakini Korogwe haina jina la pili. Wala jina lake mwenyewe halina. Hapo watu hucheka, na wenye huruma humalizia neno kwa niaba yake.

Wengi twadhani ni woga, au haraka. Mwaka 2001 Daktari Anne Foundas na wenzake, huko New Orleans, Marekani, walitoa taarifa ya picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya sumaku: watu wazima 16 wenye kigugumizi cha tangu utotoni, na 16 wasio nacho. Katika wale wa kwanza, sehemu za ubongo zitumikazo kwa usemi zilionekana zina umbo la tofauti. Eneo moja karibu na masikio, ambalo kwa watu wengi ni kubwa zaidi upande wa kushoto, kwao tofauti hiyo ya pande mbili ilikuwa ndogo. Picha hizo peke yake hazionyeshi kipi kilitangulia, umbo hilo au miaka ya kukwama. Walakini zatosha kumwondolea mtu lawama.

Lakini hapa pana hatari nyingine, nami naiogopa kuliko ile ya kwanza. Tukisha kusema, “Ndivyo alivyoumbwa,” twamfuta katika zamu ya wasomaji kanisani, na tendo hilo twaliita huruma. Atatajwa Musa, aliyepewa Haruni awe msemaji wake. Naam, ila Musa mwenyewe ndiye aliyeomba atumwe mwingine. Hakuna kamati iliyokaa ikamwamulia. Hata hivyo alitumwa.

Tena angalieni Jumapili. Tusemapo Nasadiki kwa pamoja, mara nyingi mtu yule yule hakwami, wala aimbapo hakwami. Ubongo ni ule ule. Ila sauti za wenzake zi pamoja na yake. Jambo hili madaktari walilijua kabla ya mashine hizo.

Wazee walioshika shilingi zenye kichwa cha Mfalme George VI huenda hawakujua kwamba naye alikuwa na kigugumizi. Tangu 1926, kabla hajatawala, alifundishwa kusema na Lionel Logue, na Septemba 1939 akahutubia watu wake kwa redio kwamba vita vimeanza. Alisema polepole, akinyamaza katikati ya maneno. Watu walimngoja, maana ni mfalme.

Je, mkulima wa hapa kwetu? Aulizwe yeye kama apenda kusoma. Akikubali, somo la Agano la Kale laweza kuzidi kwa dakika tatu au nne. Matangazo yetu huchukua zaidi ya hizo.