Neno la Kuhani

Ndugu msomaji, katika Taurati waliyo nayo Mayahudi, kitabu cha Walawi, sura ya 13 na ya 14, mna hukumu za doa la ngozi liitwalo saraati. Wengi hulifasiri kuwa ni ukoma. Lakini doa hilo lilipata hata nguo na kuta za nyumba, basi silo ukoma tuujuao.

Mwenye doa alipelekwa kwa kuhani. Likiwa na shaka, alifungiwa siku 7, kisha akatazamwa tena. Wanavyuoni wao wameandika katika Mishna kwamba mtu hawi najisi mpaka kuhani atamke. Bwana harusi aliyetokwa na doa aliachiwa kwanza siku zake 7 za furaha. Na nyumba yenye doa ilitolewa vyombo kabla kuhani hajaingia, visije vikanajisika vyote.

Zingatia, ndugu yangu. Doa lilikuwapo tangu jana. Kilichongojwa ni neno. Na mwenye neno alifundishwa asiharakishe.

Tena mgonjwa akipona, kuhani ndiye aliyetoka kumwendea nje ya kambi. Ndege mmoja alichinjwa, wa pili akaachiwa huru, na mtu akarejea kwa watu wake.

Sisi je? Twaona baka usoni mwa jirani, twasema "ana ukoma" kabla tabibu hajamwona, na hali ukoma leo watibika. Mtu hutengwa kwa neno letu moja. Akishapona, ni nani kati yetu huondoka akamfuate kumrejesha?