Mzigo wa Shaka

Mtu akiulizwa kama moto huchoma, hujibu kwa neno moja. Akiulizwa kama kufanya kazi siku zote karibu na mitambo ya umeme hudhuru mwili, jawabu lina mafundo mawili, na fundo moja halijafunguka bado.

Kila waya upitishao umeme huzungukwa na nguvu ya sumaku isiyoonekana. Mchomea vyuma na fundi wa mitambo hukaa ndani ya nguvu hiyo saa nyingi kuliko sisi. Mpanda minara ya redio hukaribia mawimbi yake. Yaliyo hakika ni haya: nguvu ya sumaku ikizidi sana husisimua mishipa ya fahamu, mawimbi yakiwa makali hutia mwili joto, na mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo aweza kupatwa na hatari ya ghafula. Yaliyo na shaka ni madhara ya kiasi kidogo kwa miaka mingi. Mwaka 2002 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliitia nguvu ya sumaku ya nyaya za umeme katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Mwaka 2011 ikayatia humo mawimbi ya redio. Huenda si ndiyo, wala si la.

Basi shaka hii ni mzigo wa nani? Wako wasemao kuwa mlalamikaji asiye na ushahidi na anyamaze. Hoja yao haikosi uzito, maana hofu isiyo na kipimo huwanyima watu usingizi, pengine na riziki. Lakini tazama mizani: faida ya kazi humwendea tajiri, na shaka hubaki katika mwili wa mfanyakazi. Kwa mmoja ni hesabu ya fedha. Kwa mwingine ni maisha. Kumwambia wa pili angoje mpaka yote yathibitike ni kumtaka awe yeye mwenyewe ushahidi.

Haki haidai kazi ikome. Hudai kwamba tahadhari ya gharama ndogo isingoje ushahidi mkubwa. Nguvu hii hupungua upesi mtu asogeapo mbali nayo, na hatua mbili za kurudi nyuma haziuzwi dukani. Mchomea vyuma asijizungushie waya wa mashine begani. Mtambo wa mnara uzimwe, au upunguzwe nguvu, kabla ya mtu kuukaribia. Vipimo vichukuliwe, na mfanyakazi aelezwe matokeo kwa lugha aijuayo.

Enyi vijana, baadhi yenu mtaajiri na wengine mtaajiriwa. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mwenye elimu na mwenye faida ndio wa kwanza kuitwa na neno hilo, kwa kuwa asiyejua hawezi kujihadhari, na ajuaye akanyamaza amekwisha kuchagua.