Nionyeshe Kitambulisho, Afande

Anayetoka Lusahunga jioni kwenda Rusumo anajua kwamba barabara ile ina sheria zake ambazo hazimo kwenye kitabu chochote cha trafiki. Mojawapo ni hii: porini hatusimami. Gogo likilala katikati ya lami, mawe yakipangwa, mtu akipunga tochi, dereva mzoefu hutafuta kwanza pa kupenya. Si ukaidi. Barabara yenyewe ndiyo iliyomfundisha.

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka mto pale Rusumo kutoka Rwanda na kutua Benaco, wilayani Ngara. Wengi walibeba watoto na masufuria. Wachache walikuwa na mengine. Burundi nako kulikuwa kunawaka tangu 1993, bunduki zikazagaa, mapori yakapata wenyeji wapya. Miaka mingi baadaye mabasi ya Biharamulo yalikuwa bado yanavuka pori kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha, na abiria waliona ni jambo la kawaida. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, leo utamwambiaje asimame gizani kwa sababu tu gari lenye namba za kiraia limemwashia taa?

Nililiona jibu siku moja nikiwa kiti cha mbele cha gari la kukodi, dereva kijana wa Rulenge. Tulikuwa tumeiacha Lusahunga, giza limeshaingia, gari dogo likatushika mkia na kuanza kuwasha na kuzima taa kali. Halikuwa na king'ora wala kimulimuli. Kijana hakukanyaga mafuta, wala hakusimama. Aliwasha hazadi, akapunguza mpaka mwendo wa arobaini, akatoa mkono dirishani akionyesha mbele. "Mzee, tusogee mpaka penye watu," akasema, kisha akanipa simu nimweleze tajiri wake tulipo. Nyakahura, penye taa na malori, akaegesha. Akawasha taa ya ndani, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kioo alikuwa amekishusha kiasi cha kupitisha leseni tu.

Waliotujia walikuwa askari kanzu wawili. Wa kwanza alikuwa amefura. "Kwa nini unakimbia?"

"Shikamoo, afande. Sikukimbia, nilitafuta mwanga. Naomba nione kitambulisho, halafu nafungua mlango sasa hivi."

Mwenzake, mtu mzima, alitoa kitambulisho akakibandika kwenye kioo, akakiacha pale mpaka kijana aliposoma jina na cheo. Kumbe walikuwa wanatafuta gari linalofanana na letu. Walikagua, wakaridhika. Wakati wa kuagana yule mtu mzima alisema, "Hata mimi nisingesimama kule nyuma."

Nimekifikiria sana kitambulisho kile kwenye kioo. Kwetu anayepiga hodi ndiye anayejitaja; mwenye nyumba hafungui kwa kukisia sauti. Sheria yetu nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari amweleze anayemkamata sababu ya kumkamata, na kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi amtajie jina lake na cheo chake. Kwa hiyo dereva anayeomba kitambulisho kwa adabu hamvunjii mtu heshima. Anaomba kilicho halali. Na kama aliyekusimamisha anataka faini umlipe mkononi, hapo hapo, gizani, amekwisha kujitambulisha: faini ya serikali hutolewa namba ya malipo.

Lakini tusidanganyane kwamba kitambulisho kinamaliza kila kitu. Januari 14, 2006, jijini Dar es Salaam, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa na polisi wa kweli. Waliuawa katika msitu wa Pande, na taarifa iliyotolewa kwanza ilisema ni majambazi. Kesi ikazunguka mahakamani miaka kumi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamhukumu ofisa mmoja wa polisi adhabu ya kifo. Ndiyo maana nasisitiza mwanga na watu kuliko karatasi. Penye macho mengi, jambazi hupoteza ujasiri, na askari mwenye nia mbaya naye hujikuta ana mashahidi.

Ngara ina mzigo wake wa ziada. Kihangaza, lugha ya wenyeji, na Kirundi vinasikilizana kama ndugu, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka majambazi na wahamiaji haramu, iliwaacha wenyeji wengi na hofu ya kuulizwa wao ni raia wa wapi kila wafunguapo kinywa. Mtu wa namna hiyo akisimamishwa usiku huwa anahofia mawili kwa mpigo: kwamba huyu si polisi, na kwamba huyu ni polisi. Polisi wanaoijua historia hii wangetoa tangazo moja fupi, lisomwe stendi na kwenye redio za Kagera: dereva atakayewasha hazadi na kwenda taratibu hadi kituo cha karibu chenye watu hatahesabiwa kuwa amekimbia. Na usiku, porini, kazi ya kusimamisha waachiwe wenye sare na gari la polisi. Haihitaji bajeti.

Wa bodaboda ndio wananisumbua. Wao hawana kioo cha kushusha nusu wala mlango wa kufunga, na pikipiki yenyewe ndiyo anayoitaka jambazi. Nilimuuliza mmoja pale Benaco anafanyaje. Akasema baada ya saa mbili usiku havuki pori, hata kwa nauli mara tatu, isipokuwa kwa mgonjwa. Hapo humpigia kwanza polisi kata, ambaye namba yake anayo na sura yake anaijua, akamwambia anapita wapi na amembeba nani. "Akipokea naondoka. Asipopokea, tunatafuta mwenye gari."

"Na akikosekana mwenye gari?"

"Tunakwenda pikipiki tatu, mzee. Mgonjwa anakaa ya katikati."