Saa Zile Zilikuwa za Nani?

Watu wengi humsifu mfanyakazi anayejisomea. Tukimwona mtu ametoka kazini jioni hoi, amekula kwa haraka, kisha amefungua vitabu mpaka jogoo wa kwanza, husema huyu ana bidii, huyu atafika mbali. Sifa hiyo nami niliwahi kuipata, na sikuikataa. Lakini katika wote walionisifu sikumpata hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo leo naliona kuwa lilistahili kutangulia: saa unazosomea ni za nani?

Huenda ukaona, ndugu msomaji, kwamba swali hili ni jepesi. Saa za kazi ni za mwajiri, zilizobaki ni zangu, basi yamekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Nakuomba unisikilize kisa changu kwanza, kisha tulijibu pamoja.

Mwaka 1996 nilikuwa nikifanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya wilaya. Tulikuwa watatu. Mmoja akienda semina au akiugua, tulibaki wawili, na usiku alikaa mmoja peke yake. Kazi ilikuwa ya kila namna: damu za malaria, makohozi ya kifua kikuu, mikojo, vinyesi, wingi wa damu kwa wajawazito, na kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla hajaongezewa. Masika yalipoingia, foleni ya homa ilianza alfajiri na haikukatika mpaka jua lilipozama.

Nilikuwa na shahada ya kwanza ya sayansi juu ya stashahada yangu ya maabara, na nilitamani sana kwenda kusomea elimu ya vimelea katika chuo kikuu cha Marekani. Mlangoni mwa vyuo hivyo ulisimama mtihani uitwao GRE. Mtihani huo ulianza huko Marekani mwaka 1936, na kwa miaka mingi umekuwa mikononi mwa shirika la ETS, lililoundwa mwaka 1947. Siku zile ulikuwa na sehemu tatu: ya lugha, ya hesabu, na ya kuchambua hoja, kila moja ikiwa na alama kuanzia 200 hadi 800. Hesabu zake hazikumshinda mtu aliyesoma sekondari vizuri. Kilichomshinda ni saa ya ukutani. Katika sehemu ya lugha ulipewa neno la Kiingereza ambalo hujapata kulisikia likitamkwa na mtu yeyote aliye hai, ukatakiwa utaje kinyume chake. Katika kuchambua hoja uliambiwa kwamba watu saba wameketi kwenye benchi, wa kwanza hataki kukaa karibu na wa tatu, wa nne lazima awe mwisho, basi ni nani yuko katikati?

Rafiki yangu alinipa kitabu cha mazoezi kilichotolewa nakala, kurasa nyingine hazisomeki. Nilikata maboksi ya dawa yaliyokwisha, nikatengeneza vikadi, nikaandika neno upande mmoja na maana upande wa pili. Maneno ishirini kila siku. Vikadi hivyo vilikaa katika mfuko wa koti langu jeupe, na kila nilipopata nafasi nilivichomoa. Wenzangu walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha heshima.

Usiku mmoja wa Machi 1997 alikuja mama na mtoto wa miaka kama mitatu mwenye homa. Nilimtoboa mtoto kidole, nikatengeneza kioo, nikakipaka rangi, nikakiweka chini ya hadubini. Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kidogo. Ukichungulia katika hadubini unaona duara moja la mwanga, sehemu ndogo sana ya tone lile la damu. Unasogeza kioo, unaona duara jingine. Kanuni inasema usiandike kwamba hakuna vimelea mpaka umepitia maduara yasiyopungua 100. Ukiviona mapema, vizuri, usipoviona, unaendelea. Ni kazi ya dakika kadhaa tu, lakini ni dakika za macho na akili kwa pamoja.

Nilipitia maduara thelathini hivi. Pembeni mwa hadubini palikuwa na kitabu changu, na katika kitabu palikuwa na wale watu saba kwenye benchi ambao nilikuwa nimewaacha nusu. Ghafla jibu likanijia. Nikaandika katika cheti cha mtoto kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana, nikampa mama, nikarudi kwenye benchi langu la watu saba. Jibu langu lilikuwa sahihi, nakumbuka.

Siku mbili baadaye mtoto yule alirudishwa amelegea, viganja vyake vyeupe kama karatasi. Mwenzangu alipima damu yake upya, akakuta vimelea vingi. Mimi nilisubiri chumba kiwe kitupu, nikalifungua sanduku la vioo vya zamani, nikakitafuta kile cha usiku ule. Nilianza kuhesabu. Katika duara la hamsini na kitu niliziona: pete ndogo za buluu zenye nukta nyekundu, mbili zikiwa pamoja. Zilikuwa zimekaa pale tangu usiku ule zikinisubiri.

Mtoto alitundikiwa kwinini na akaongezewa damu. Alipona. Damu ile niliilinganisha mimi mwenyewe, na sijapata kulinganisha damu kwa uangalifu kama siku ile. Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wetu wa maabara, mzee aliyekuwa amekaribia kustaafu. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee, kioo cha yule mtoto nilikisoma vibaya." Aliniuliza, "Ulihesabu mpaka ngapi?" Nikasema, "Sikuhesabu, Mzee." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi hesabu." Hakunipa barua ya onyo, wala hakulirudia neno hilo tena. Mama wa mtoto sikumwambia. Jambo hilo sijalimaliza mpaka leo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tangu siku ile nimezigawa saa za msomaji mfanyakazi katika mafungu matatu. Liko fungu la saa zake mwenyewe: usingizi wake, mapumziko yake, mpira wake wa Jumamosi. Akizitoa hizo, anayelipa ni yeye. Liko fungu la saa alizopewa: mke anayewanyamazisha watoto, mwenzake anayekubali kubadilishana zamu. Hizo ni deni, lakini ni deni lenye mdai anayejijua. Na liko fungu la tatu, la saa zilizochukuliwa kwa mtu asiyejua kwamba amechukuliwa kitu. Mtoto yule hakujua kuwa mimi na yeye tuliingia katika biashara usiku ule, na kwamba aliyetoa mtaji ni yeye.

Zipo hoja za kunitetea, nami nilizitumia zote. Ya kwanza ni ya kesho. Nilijiambia: nikifaulu, nitarudi na ujuzi utakaowaokoa maelfu, kosa moja ni nini mbele ya maelfu? Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha aliyesomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada; asiporudi, huyo ni msaliti. Mfano huo niliupenda, nikajiona mimi ndiye yule msafiri. Lakini nilipoutazama vizuri niliona neno moja nililoliruka: alipewa. Wanakijiji walijua wanampa nini na kwa nini, wakakubali kulala njaa. Msafiri anayeingia jikoni usiku na kujipakulia sahani ya mtoto ni mtu mwingine kabisa, hata kama baadaye atarudi na magunia. Wema wa kesho waweza kulipa deni. Hauwezi kumfanya mtu awe amekubali jambo ambalo hakuulizwa. Na tena, wale maelfu wa kesho si yule mmoja wa jana.

Hoja ya pili ni ya mfumo. Maabara ya watu watatu ilipaswa kuwa na watu wengi zaidi. Aliyeniweka peke yangu usiku ndiye wa kulaumiwa. Katika hoja hii umo ukweli, na sitaki kuufuta. Mfanyakazi aliyechoka hufanya makosa, na uchovu huo mara nyingi hakujitakia. Lakini usiku ule foleni haikuwepo. Alikuwepo mtoto mmoja, hadubini nzima, na mimi niliye macho. Lawama ya wengine haikuingia katika zile dakika chache zilizobaki kati ya duara la thelathini na la mia.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi. Je, mtu wa zamu asisome hata pale ambapo hakuna kazi? Mlinzi wa usiku asishike gazeti? Nadhani ni halali, ila kwa sharti moja: kitabu kiwe tayari kufungwa. Anayelipwa kusubiri hauzi mikono yake tu. Anauza utayari wake. Kitabu kinachofungika mgonjwa akibisha hodi hakimwibii mtu. Kinachoendelea kusomwa kichwani baada ya kufungwa, hicho kimeanza kuiba. Na maandalizi ya mtihani, kwa tabia yake, ni kitabu kisichofungika.

Hapa ndipo nilipogundua jambo jingine. Mtihani ule ulinifundisha namna ya kufikiri, na namna hiyo haikufaa katika kazi yangu. Kanuni ya mtihani ilikuwa usikae mno kwenye swali moja. Ukikwama, bahatisha, songa mbele. Jibu baya halikukatwa alama, lilihesabiwa sawa na nafasi tupu, kwa hiyo kubahatisha ilikuwa ndiyo busara. Nilifanya mazoezi ya busara hiyo kwa miezi, kila siku, mpaka ikawa mkono wangu wa kulia. Kisha nikaketi mbele ya hadubini na mkono huohuo. Lakini katika maabara jibu baya na nafasi tupu si sawa. Ningeandika "sijamaliza kupima" pasingeharibika kitu. Nilibahatisha, na aliyekatwa alama hakuwa mimi.

Nilichofanya baadaye si kikubwa. Vikadi nilivitoa katika koti jeupe nikaviacha nyumbani. Mtihani niliuahirisha kutoka Aprili mpaka Desemba, na ada niliyokwisha kulipa haikurudi yote. Likizo yangu ya mwaka nikaimaliza kwa kusoma. Njia mbili zilimshinda fisi, walinena wahenga, lakini fisi alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita zote kwa wakati mmoja. Nadhani angeweza kuipita moja, akarudi akaipita ya pili, kama angekubali kuchelewa. Alama zangu za hesabu zilikuwa nzuri, za lugha za kawaida. Alama za mtihani ule hudumu miaka mitano, nami nilipata nafasi na ufadhili zikiwa katika mwaka wa tatu. Nilikwenda, nikasoma, nikarudi. Siku hizi nafundisha vijana wanaosomea kazi ya maabara.

Ningependa kuishia hapa, nikiwa nimelipanga kila fungu mahali pake. Lakini juzijuzi nilimsomea mama watoto kurasa hizi, nikafika mahali niliposema kwamba saa zake ziko katika fungu la pili, la saa zilizotolewa. Akaniambia, "Baba watoto, hukuniuliza. Uliniambia." Nikamkumbusha kwamba alikuwa akiniwashia taa na kunichemshia chai. Akasema, "Nilikuwashia, ndiyo. Ningefanya nini na wewe umekwisha kuamua?" Hakuwa na hasira. Alisema kama anayesahihisha hesabu.

Basi mafungu yangu hayakukaa sawasawa kama nilivyodhani. Mpaka kati ya kupewa na kuchukua haukuwa pale maabara tu. Ulipita pia katikati ya nyumba yangu, nami nilikuwa nikiuvuka kila usiku bila kuuona. Tofauti ni kwamba mama watoto yupo na anaweza kunidai. Yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani kama Mungu amemjalia, hajui hata kwamba ana deni la kudai.

Vijana wangu wa leo nao wanajiandaa kwa mitihani ya namna hii huku wakifanya kazi. GRE yenyewe imebadilika: yale maswali ya kutafuta kinyume cha neno yaliondolewa mwaka 2011, na tangu Septemba 2023 mtihani mzima hauchukui hata saa mbili kamili. Malaria nayo hupimwa mara nyingi kwa kipimo cha haraka, ingawa hadubini haijaondoka mezani. Kitabu cha mazoezi sasa kiko katika simu, na simu iko mfukoni, tena mfuko uleule wa koti jeupe. Wananijia wakiniuliza nisome vipi, Mwalimu, nikiwa na zamu tano kwa wiki? Mimi huwauliza kwanza watakachosomea kitatoka wapi: ni kwenye usingizi wako, au kwa mtu mwingine? Kama ni kwa mtu mwingine, nenda kamwulize kabla hujaanza, na umpe nafasi ya kukataa. Kama ni mtu usiyeweza kumwuliza, saa hiyo iache.

Wengine huona nawakatisha tamaa. Mmoja aliniambia kwamba kwa hesabu hiyo atachelewa mwaka mzima. Nikamwambia ni kweli, atachelewa.